Kwa Nini Kifo cha Baba Hakikuwa Tanzia

Nilirudi shuleni Kitale siku chache baada ya kumzika baba kwetu Bumula. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa kidato cha tatu. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mahindi kule Endebess. Trekta ilipinduka mtaroni ikamlalia.

Mwalimu wetu wa fasihi alikuwa akitufundisha tamthilia ya kale, ya mfalme aliyejiangamiza mwenyewe. Alipenda istilahi kuliko alivyotupenda sisi. Asubuhi hiyo ubao ulikuwa umejaa: tanzia, dosari, anguko, kinaya. Aliponiona akaweka chaki chini.

"Wewe umetoka matangani. Simama. Kifo cha baba yako ni tanzia?"

Nilidhani ananipa pole kwa njia yake. "Ndiyo, mwalimu."

"Alianguka kutoka cheo gani?"

"Alikuwa dereva wa trekta."

"Basi alianguka kutoka kitini."

Darasa lilicheka. Wasichana walionikumbatia bwenini usiku uliotangulia, nao walicheka.

"Shujaa wa tanzia ni mtu mkubwa," akaendelea, "na kinachomwangusha ni dosari yake. Baba yako alikuwa na dosari gani?"

"Hakuwa nayo."

"Ati hakuwa nayo? Hakuwa anakunywa?"

Nilitazama dirishani. Nje, mpishi alikuwa akipepeta maharagwe.

"Alikuwa anakunywa, mwalimu. Jumamosi tu."

"Na alikufa siku gani?"

"Jumamosi."

Akaokota chaki. "Sasa andikeni. Mlevi akilaliwa na trekta, hiyo ni ajali. Si tanzia."

Waliandika wote. Msichana niliyekaa naye dawati moja alitoa rula, akalipigia mstari neno ajali. Mimi nilikuwa bado nimesimama; mwalimu hakuniambia niketi.

Mtihani wa mwisho wa muhula ulitutaka tutofautishe tanzia na ajali, kwa mfano. Tofauti niliieleza vizuri. Mfano sikuandika. Karatasi iliporudi, alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mfano ulitolewa darasani."

Shule ilipofungwa nilimkuta mama nje ya jiko akichambua mboga. Aliniuliza mbona Kiswahili kimeshuka. Nikamwambia kulikuwa na swali gumu.

"Si umuombe mwalimu akufafanulie?" akasema. "Hawezi kumkatalia mtoto aliyefiwa."