Tulichimba kaburi la baba huko Izigo, tukakata mkongo wa intaneti

Poleni na majukumu wakuu.

Jumamosi iliyopita nilimpoteza baba. Jumatatu, siku ya kumzika, ofisi kadhaa za Bukoba zikapoteza mtandao. Yote mawili yanaihusu familia yangu. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo nitaeleza nilichokiona tu.

Sisi Wahaya tunazika kibanjani, kati ya migomba. Baba alishaonyesha mahali pake: ubavuni mwa kaburi la mama, upande wa barabara.

Wachimbaji walipofika kina cha kiuno wakakuta bomba jeusi. Baba mdogo akasema ni la ule mradi wa maji ambao haujawahi kutupa hata tone. Akalikata kwa panga.

Maji hayakutoka. Zilitoka nyuzi nyembamba kama mvi.

Haukupita muda mrefu, mafundi wawili wakafika na gari kutoka Bukoba. Mkubwa wao alitoa pole kwanza, akakaa kidogo, ndipo akauliza nani amekata.

Akatueleza kwamba humo hupita mwanga. Kompyuta za Bukoba na za Mwanza hugawana kazi moja kupitia nyuzi hizo, na upande mmoja ukinyamaza zote zinakwama. Shangazi akasema hilo analijua: wamenya ndizi wakiwa kumi, mmoja akienda kupiga soga, sufuria haliinjikwi.

Fundi akaomba tusogeze kaburi. Baba mdogo akakataa katakata. Fundi akauliza mbona tumechimba penye nguzo ya alama ya mkongo. Nguzo haikuwepo.

Wakuu, ningeweza kunyamaza.

"Niling'oa mimi," nikasema. "Ndiyo inashikilia banda la mbuzi."

Mwisho fundi akasema tukichimba mfereji wa kuzunguka kaburi, ataongeza kipande cha mkongo kipite humo. Tulichimba, hadi mchungaji akakunja mikono ya joho.

Sasa, kuunga nyuzi hakutaki upepo. Fundi akaona pazuri ni mle kaburini, akashuka na mashine yake. Shangazi akasimama ukingoni.

"Mwanangu, toka humo. Mwenyewe hajaingia."

Akatoka. Wanawake wanne wakamzungushia vitenge, akaungia humo. Nilicheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Mtandao ulirudi jioni, na baba akashushwa ubavuni mwa mama.

Nilichojifunza: alama usiyoijua usiing'oe, na ukikosea sema mapema, maana msiba unasubiri. Wenye vibanja kando ya barabara, kwenu hili limewahi kutokea?

Nilisahau kitu. Mafundi hawakuondoka. Yule mkubwa alipanga mstari na wafiwa, zamu yake ilipofika akachota udongo, akamrushia baba.