Mwanamke Juu ya Bati

Ukitaka kumwondoa mjane bila kumsukuma, iache nyumba yake ichakae. Shemeji yangu alilijua hilo kabla yangu. Mume wangu alipofariki, huyu mdogo wake hakuniambia ondoka hata siku moja. Alikuwa anapita asubuhi, anasimama uani, anautazama ukuta wa upande wa barabara ulivyobanduka plasta, kisha anatikisa kichwa.

"Shemeji, nyumba inakwisha hii. Si bora tuiuze ingali imesimama, wewe urudi kwenu Biharamulo ukapumzike?"

Nikapumzike! Nani alimwambia nimechoka? Nyumba hii tuliijenga mimi na mume wangu, hapahapa Benaco, Ngara, na matofali yake niliyabeba kichwani nikiwa na mimba ya binti yetu wa kwanza. Biharamulo nilizaliwa, sikatai, lakini kwangu ni hapa. Nilimwambia sitoki ng'o, nikaingia ndani, nikafunga mlango na kulia kwa hasira.

Nilipomaliza kulia nikaenda kununua rangi. Niliukwangua ukuta mwenyewe, nikaziba nyufa, nikapaka nyeupe, na chini nikazungusha mkanda mweusi, maana udongo wetu huu mwekundu mvua ikipiga unaruka mpaka usawa wa magoti. Nikasimama barabarani kuiangalia, nikajisifu. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yalishuka kutoka paani, yakapita nyuma ya rangi yangu na kuivua yote. Asubuhi ukuta ulikuwa na michirizi kama uso wa mtoto aliyelia. Ndipo nikainua macho, nikaona kofia, lile bati linaloziba mgongo wa paa, limeng'olewa na upepo upande mmoja. Nilikuwa nahangaika na chini wakati ugonjwa uko juu.

Nikamwita fundi. "Kesho, mama." Kesho ikafika, yeye hakufika. Nikamwita mwingine, naye akaniambia kesho. Wa tatu nilimkamata sokoni, nikamshika mkono mbele za watu, ndipo akanitolea ukweli: shemeji alishawapitia wote, akawaambia nyumba ile ina shauri la ukoo, asiiguse mtu.

Sasa sikiliza alivyonifunga. Huku mwanamke hapandi juu ya nyumba. Ni mwiko. Akipanda, mume wake anakufa. Kila mtoto wa Ngara anaujua, na mimi nilipoolewa nilifundishwa siku za mwanzo kabisa. Kwa hiyo mafundi hawapandi kwa sababu wamekatazwa, na mimi sipandi kwa sababu ni mwanamke. Shemeji hakuhitaji kugombana na mtu. Alisubiri mvua tu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufa unazibwa na wanaume peke yao. Nikavaa suruali ya marehemu, nikaikaza kwa mkanda wake, nikaazima ngazi kanisani.

Lakini kwanza nilikwenda kwa mama mkwe, anayekaa kwenye nyumba ndogo nyuma yangu. Huyo ndiye aliyenifundisha ule mwiko, nisingeweza kumpita kimyakimya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, leo napanda juu."

Aliitazama ile suruali ya mwanawe. Kisha akachukua kigoda chake, akakiweka chini, akakaa ameelekea shambani, ameipa nyumba mgongo. "Mimi leo naangalia migomba," akasema.

Nikapanda. Bati lilikuwa la moto, upepo unanivuta shati, na malori yanayokwenda mpakani Rusumo yakipita paa zima linatikisika nami. Nikakaa nimetanua miguu pale kwenye mgongo wa nyumba, nikaanza kugongelea misumari.

Ndipo shemeji akatokea, na si peke yake. Alikuwa na mfanyabiashara mmoja kutoka Lusahunga, amemleta aione nyumba. Mteja! Mimi sijaulizwa, na mteja ameshafika uani.

"Wee! Shuka!" shemeji akapiga kelele. "Huna aibu? Hujui mwanamke akipanda nyumba mume wake anakufa?"

"Shemeji," nikamwambia, "mume wangu tulimzika wote, na koleo ulishika. Mwiko huu sasa utamuua nani?"

Akamgeukia mama yake. "Mama! Unamwona huyu?"

Mama mkwe hakugeuka. "Naangalia migomba, mwanangu."

Yule mteja alinitazama mimi, akamtazama shemeji, akaanza kucheka. "Mzee, wewe uliniambia nyumba haina mtu. Mbona ina mtu mpaka juu ya bati?" Akapanda pikipiki yake, akaondoka.

Niliona raha, siwezi kuficha. Nilitamani kuimba. Halafu ile raha ikaisha, maana lile jibu nililompa shemeji lilikuwa limenichoma na mimi. Watu wa hapa mpaka leo wanasema niliudharau mwiko. Thubutu! Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kukanyaga hata kipago cha kwanza cha ngazi, kwa sababu nilikuwa na mtu wa kumlinda. Ningepewa nafasi ya kuuogopa tena, ningekaa chini na kuyaacha mabati yote yapeperuke mpaka Rwanda.

Nikajifuta uso kwa mkono wa shati, nikachukua msumari mwingine.

Shemeji alikuwa bado amesimama uani, amebaki peke yake. "Nitauita ukoo mzima!" akasema. "Ukoo mzima utakaa hapa!"

"Uite," nikamjibu. "Waje Jumapili baada ya misa, nitakuwa nimeshapaka rangi upya. Waambie tu wasiegemee ukuta wangu."