Makala Yenye Majina Manne

Mwanangu, makala yako nimeisoma. Nimeianza ukurasa wa mwisho nikirudi nyuma, maana ule wa kwanza ulinishtua: majina saba juu, na chini yake utafiti wa kurasa kumi na mbili. Jina la pili pale ni langu, na mimi sikuandika hata nukta. Kabla hujaituma kwa revue yoyote, jarida lolote la wasomi, kaa kidogo nikueleze kwa nini nimelikata.

Kuna siku moja ambayo siisahau. Siku hiyo nilifungiwa ndani ya kontena ya chuma kwenye barrière, kizuizi cha askari, cha njia ya Beni, jua likiwaka, kwa kosa la kuandika makala ya management. Ndiyo, cheka. Mke wangu anacheka mpaka leo, na yeye ndiye aliyelia siku ile.

Ulikuwa wakati wa vita. Waasi ndio waliotawala Butembo, na mimi nilikuwa assistant kijana kwenye institut moja ya mjini, mwenye shati jeupe moja na tai mbili. Nilitaka sana kupanda cheo niwe chef de travaux, ngazi ya juu ya assistant, na ili upande ilikuwa lazima uchapishe makala katika revue ya kigeni. Nilipata moja ya ng'ambo, ya mambo ya uongozi wa kazi. Masharti yake yalitufikia kwenye karatasi iliyopigwa fotokopi mara nyingi mpaka herufi zikafifia. Makala ichapwe kwa mashine, nakala tatu, na kati ya mstari na mstari iachwe nafasi ya mstari mzima. Hilo la mwisho lilimuumiza Direkta wetu.

"Mais, hawa batu!" alisema. "Karatasi nzima inabaki nyeupe bure, na huku sisi tunaandika mitihani nyuma ya kalenda!"

Utafiti wenyewe niliufanya Kyavinyonge, kule chini kwenye Ziwa Edward. Nilitaka kujua wanawake wauza samaki wanapangaje safari zao wakati wa vita. Kamio, yaani malori, zilikuwa chache na barrière zilikuwa nyingi, lakini wanawake wale walifika masokoni kila juma bila kugombana. Nani anapanda leo, nani anabaki, nani anaongea na askari, yote yalikuwa na mpango. Na aliyeshika mpango alikuwa mama mmoja mfupi mwenye sauti kubwa, jina lake Mama Kahindo.

Yeye ndiye aliyenipokea. Kwa wiki mbili nilikula bugali yake, nikakaa juu ya beseni lililopinduliwa karibu na mizani yake, daftari mkononi, yeye akipima samaki huku ananifundisha. Siku moja aliniambia hivi:

"Sisi hapa, mukubwa anapanda kamio wa mwisho. Kama nafasi inaisha, yeye njo anabaki. Vile hakuna mutu atasema anajipendelea."

Niliandika. Na niliporudi Butembo, maneno yale ya Mama Kahindo niliyavika Kifaransa kirefu, nikayafanya sehemu ya tatu ya makala, nikayaita "kanuni ya kiongozi wa mwisho". Juu yake nikaandika: "Sisi tumegundua." Tumegundua! Mimi ambaye kule ziwani niligundua kitu kimoja tu, kwamba mbu wa Kyavinyonge wanauma kupitia soksi.

Jina la Mama Kahindo sikuliweka popote. Sikukusudia ubaya. Halikunijia tu akilini, na hiyo, nikifikiri sasa, ni mbaya zaidi.

Majina mengine, hayo yalikuja yenyewe. Direkta aliisoma kurasa mbili akasema, "Ni kazi ya institut, donc jina langu linaanza." Likaanza. Mfanyabiashara mmoja, Papa Mbusa, ndiye aliyekuwa na ordinateur, yaani kompyuta, na groupe, jenereta ya umeme, tukachapa kwake nyuma ya duka la misumari na mabati. Tulipomaliza akaweka mkono juu ya karatasi: "Bila groupe yangu, iyi yote ingekuwa giza." Nikaona ni kweli, nikamwandika. Tukawa watatu.

Posta ilikuwa imekufa zamani. Bahasha ilipaswa kufika Beni, ambako mchungaji mmoja alikuwa anajiandaa kuvuka mpaka kwenda Kampala, yeye aitume kutoka kule. Nikapanda kamio na bahasha yangu kifuani. Kwenye barrière, kabla ya Beni, komanda wa pale akaifungua.

"Iyi bakaratasi ni ya nini?"

"Ya masomo, mon commandant. Ya management."

"Management njo nini?"

"Ni namna ya kuongoza watu."

Aliwageukia askari wake, kisha akanigeukia mimi. "Umeandika mambo ya kuongoza batu, na hukuniuliza miye? Hapa nani anaongoza?"

Akaomba kalamu, kalamu yangu, akaandika jina lake juu ya nakala zote tatu pamoja na cheo chake, kwa herufi kubwa, akapiga mistari miwili chini yake. "Sasa iko sérieux," alisema. Nami nikamshukuru! Na nisikufiche, mwanangu: kamio ilipoondoka nilifurahi. Nilijiambia, majina manne, sasa inafanana na utafiti wa wakubwa.

Ikapita miezi. Siku moja mchungaji yule akaniletea barua ya revue, pamoja na nakala moja ya makala iliyorudishwa. Mhariri aliandika kwa adabu sana. Msomaji wao ameipenda sehemu ya tatu kuliko zote, na anauliza: kanuni hii aliieleza nani, na ilikuwaje siku nafasi ilipokosekana kweli? Tena, kila mwandishi aeleze kwa mkono wake alichokifanya katika kazi hii, na atie sahihi. Na mwisho, wangependa kufahamu, "Commandant" ni cheo cha chuo gani?

Nikaanza kuzunguka kutafuta sahihi. Direkta aliniambia, "Andika kwamba nilisimamia."

"Ulisimamia nini, Direkta?"

"Nilikusimamia weye. Kila Jumatatu ulikuwa unachelewa."

Papa Mbusa yeye alikuwa mtu mkweli. Aliandika: "Nilitoa mazuti, dizeli ya groupe. Sikusoma, ilikuwa mingi." Akatia sahihi, na juu ya sahihi akagonga muhuri wa duka lake, ule wenye picha ya toroli.

Akabaki komanda. Nikavaa tai, nikaenda mpaka kwenye barrière. Kamba ilikuwa ileile, kontena ileile, lakini askari hawakuwa walewale. Waasi walikuwa wamegawanyika, kundi lingine limekamata njia, na komanda wangu amekimbilia porini. Mimi mwenyewe niliona sura mpya, sikujiuliza. Nikamuulizia kwa jina lake kamili, kwa sauti, kama mtu anayemuulizia shemeji.

Askari wakageuka wote. Mkubwa wao, kijana mrefu mwenye miwani ya jua, akasogea. "Unamutafuta wa nini?"

"Tumeandika pamoja."

"Muliandika nini pamoja?"

"Mambo ya kuongoza watu."

Kila neno nililoongeza lilinizamisha. Akanipokonya makala, akaona jina la adui yake na mistari miwili chini, akageuza kurasa akakuta neno "barrières" limeandikwa mara nyingi. "Kanga monoko!" alinifokea nilipotaka kueleza, yaani nifunge mdomo. Wakanisukuma ndani ya kontena, wakafunga.

Sitakudanganya, niliogopa. Siku zile walikuwapo watu walioingia mahali kama pale na hatukuwaona tena. Nilikaa juu ya gunia, jasho likinitiririka, nikimfikiria mke wangu, na sikukumbuka hata sentensi moja ya makala ile.

Mchana, jua liko utosini, nikasikia kamio inasimama. Nikaweka jicho kwenye tundu la kutu. Walikuwa wanawake wa Kyavinyonge, wanapeleka samaki Beni, na anayeshuka kwenda kuongea na askari ni Mama Kahindo.

"Mule ndani iko nani?" aliuliza, kama mtu aliyekuja kwake.

"Adui," alijibu mkubwa wa askari.

Akaja akachungulia. "Adui namna gani anavaa tai? Uyu ni mwalimu wa Butembo. Alikula bugali yangu wiki mbili."

"Aliandika na adui yetu. Ona, jina yake iko hapa."

"Miye sijui kusoma. Soma yote nisikie."

Akayasoma moja moja: Direkta, Papa Mbusa, komanda aliyekimbia, kisha mimi. Mama Kahindo alingoja kama anayengoja sentensi iishe.

"Na yangu?"

"Yako haiko."

Ndani ya kontena nilitamani wangenifunga mahali pengine mbali zaidi. Mama Kahindo akasema, "Chef, uyu haiko adui. Uyu anaandika tu majina ya batu anaogopa. Kama angekukuta weye siku ile, angeandika yako."

Askari walicheka. Mkubwa wao naye mdomo ulimcheza, lakini alikuwa amekwisha kusema neno lake mbele ya watu. "Hata vile, atabaki."

"Basi na sisi tunabaki," alisema Mama Kahindo. "Uyu alikuwa mugeni yangu. Miye ninapanda wa mwisho, na yeye hajapanda."

Akawapigia wenzake makofi mawili. Wakashusha vitunga vyote vya samaki, tilapia wabichi wa tangu jana, wakavipanga kwenye kivuli pekee kilichokuwapo pale, yaani karibu kabisa na kiti cha mkubwa wa askari. Wakakaa chini, wakatoa kazi zao za kufuma. Dereva alipiga honi, wapi. Nzi wakafika, kwanza wachache, kisha ukoo mzima. Harufu ilipanda. Askari mmoja akafunga pua kwa kofia, mwingine akaenda kusimama mbali huko njiani, juani.

"Ondoeni samaki!" alipiga kelele mkubwa wao.

"Samaki inangojea banamuke," alijibu Mama Kahindo bila kuinua macho, "na banamuke banangojea mwalimu."

Sijui ilipita saa moja au saa mbili. Ghafla mlango ukafunguliwa. "Toka! Toka na tai yako na samaki yenu!"

Wakapakia, nikapanda, wanawake wakapanda. Yeye akapanda wa mwisho.

Njiani nilianza kumshukuru, akanikatiza. Sauti yake ile kubwa aliishusha. "Mwalimu, ile maneno ya mukubwa kupanda wa mwisho, umeiandika?"

"Nimeiandika, mama."

"Umesema nani aliisema?"

Nikatazama viatu vyangu. "Nimeandika, sisi tumegundua."

"Sisi nani? Weye na Direkta na ule mwenye kukimbia?" Alipangusa magamba mkononi. "Jina yangu kwenye karatasi haitanipikia kitu. Lakini mutu wa kule ng'ambo akiuliza, 'Siku nafasi iliisha, muliifanya namna gani?' Direkta atajibu nini?"

Hilo ndilo swali lililokuwa ndani ya barua, mfukoni mwangu, na mimi sikuwa nimemtajia. Wanawake wote walisikia, na hakuna aliyecheka, na hiyo iliniuma kuliko kontena.

Kabla hatujafika Beni nilikuwa nimetoa daftari. Nikamuuliza swali la msomaji, akanijibu: siku moja nafasi iliisha, akabaki na vitunga vyake, samaki wake wakaharibika wote. Juma lililofuata wenzake walimchagua tena bila kupiga kura. Ukurasa ule ndio bora kuliko yote niliyowahi kuandika, na sikuutunga mimi.

Makala ilirudi ng'ambo na majina mawili, lake na langu. Papa Mbusa alifutwa jina, akashukuriwa mwishoni kwa mazuti, akaridhika. Direkta hakunisalimia muhula mzima, na cheo changu kilichelewa sana. Revue iliuliza mwandishi mwenzangu ni wa chuo gani. Nikajibu: soko la Kyavinyonge. Wakachapa hivyohivyo.

Nilishuka ziwani na revue yenyewe, nikamsomea Mama Kahindo nikitafsiri neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni, akasema kuna kosa: vitunga havipangwi nyuma ya kamio, vinapangwa mbele. "Ubaandikie." Nikawaandikia.

Kwa hiyo, mwanangu, sikia. Masharti ya revue yasome mara mbili, uyafuate hata yakikuchosha. Kabla ya kuandika jina la mtu juu ya kazi, jiulize: akiulizwa swali juu ya kazi hii, huyu atajibu? Kama hawezi, mshukuru mahali pengine, hata kama ni mkubwa wako, hata kama ni mimi niliyekulipia viatu vya shule. Najua uliniweka kwa heshima. Heshima nimeipokea, jina nimelirudisha. Na yule baba wa kule Alimbongo aliyekufundisha yote unayoyajua juu ya biashara ya viazi, ambaye kwako anaitwa "mhojiwa nambari nne", nenda kwake kesho. Msomee ulichoandika. Muulize kama ni kweli, na kama anataka jina lake lionekane au lifichwe. Akikukosoa, kosoleka.

Nenda basi. Nyamuhanga, Mungu wa babu zetu, akufungulie njia za kwenda na za kurudi. Akupe wasomaji wakali wenye haki, na walimu wasiokuficha kitu. Na popote utakapoulizwa, akukute una jibu mdomoni na uso usioogopa kutazamwa. Amina.