Begi la Kurudi Nalo Mombasa

Kwa miaka mingi nilikana kwamba naogopa kurudi nyumbani. Nikiulizwa, nilijibu, "Mwakani, inshallah," na mwakani haikufika. Sasa mkataba wangu wa kazi umekwisha, siku nilizobakiziwa kukaa Dubai zinayeyuka, na mimi mwenye shahada mbili nimekaa sakafuni hapa Jumeirah Village Circle nikipigana na begi.

Wa rika langu mliokulia Mji wa Kale mnalijua begi la aliyerudi Arabuni. Tulikuwa uchochoroni tukicheza mdako, tukisikia tu "Fulani karudi!" vijiwe viliachwa palepale. Begi likifunguliwa, harufu ya sabuni, udi na viatu vipya ilijaa nyumba nzima. Huyu alipata mtandio, yule saa, mwenye bahati blanketi zito lenye picha ya simba. Blanketi, Mombasa! Tulijifunika tukatoka jasho kwa fahari. Watoto wa leo hutumiwa picha ya zawadi kwenye simu, wakajibu kwa kidole gumba.

Mara moja tu alirudi mtu na kimfuko: Shangazi Zuhura, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani huko. Tulingoja sebuleni mpaka chai ikapoa, hakufungua kitu. Mtaa ukampa jina, Bi Mfuko, na jina likamganda. Mama yangu hakutia neno. Alimtandikia kitanda, akatufukuza tukalale. Alichokiwaza sikukijua, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mimi aliniambia kila asubuhi, akinifunga vifungo vya sare, "Soma. Elimu haitozwi ushuru." Kweli, haijatozwa. Lakini pia haifunguliwi sebuleni ikanukia.

Basi jana nikaenda soko la Naif. Muuzaji mmoja, mtu wa Likoni, alinitazama kwa huruma. "Dada, unarudi na begi moja? Watadhani ulikuwa jela! Chukua blanketi hili na hili, khalas." Nikachukua. Sasa begi halifungiki, nami tayari nausikia mtaa ukinitafutia jina.

Enzi zile begi lilikuwa la mtu mwingine na furaha ilikuwa yetu. Leo begi ni langu, furaha imebaki kwa wanaongoja, mimi nimeachiwa zipu.

Nikiwa nimelikalia, simu ikalia. Mama. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: kazi imekwisha, nakuja, na sina kitu cha maana.

Akauliza, "Begi lina kilo ngapi?"

"Thelathini. Ndizo zinazoruhusiwa."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe mwenyewe una kilo ngapi?"

"Mama jamani! Sabini na kitu."

"Ulipoondoka hapa hukufika hata hamsini," akasema. "Basi umechuma, mwanangu. Njoo."