Abiria Wawili wa Jina Moja

Kiti kilikuwapo, lakini seremala hakukikalia. Alisimama mbele ya meza ya mtunza nyaraka, kofia mkononi, huku binti yake akimtazama mtunza huyo kama mshtakiwa amtazamavyo hakimu. Harusi ilikuwa Jumamosi. Bwana harusi alikuwa na jina la ukoo lile lile ambalo seremala alilichonga kwa mkono wake kwenye ubao juu ya mlango wa nyumba yake, na dada mkubwa wa seremala alikwisha kuapa kwamba damu moja haioani.

Sasa orodha ya abiria ilikuwa wazi mbele yao. Babu wa seremala na babu wa bwana harusi walikuwa wameandikwa mistari miwili ikifuatana: meli moja, siku moja, jina moja la ukoo.

"Ndugu hao," akasema dada mtu, akijifunga khanga tayari kuondoka. "Twendeni zetu."

"Shangazi, ngoja kidogo," binti akasihi.

"Ningoje nini? Wazaliwe upya?"

Seremala aliivuta orodha karibu, akaisoma tena. Miaka yote alijivunia jina lile. Leo lilikuwa linamharibia binti yake harusi.

Mtunza nyaraka alifunua karatasi iliyofuata. "Mama, kaa kwanza. Tazama hapa."

Ukurasa mzima, juu hadi chini, ulikuwa wa jina lile lile.

"Salaala! Ukoo mzima ulihama?"

"Si ukoo, Mama. Tazama safu ya baba, kisha ya mahali pa kuzaliwa."

Seremala aliinama, akafuata safu kwa kidole kama apimavyo ubao. Kila mtu na baba yake; kila mtu na kwao. Akarudi ukurasa wa kwanza: babu yake na yule mwenziwe walikuwa na baba tofauti na vijiji tofauti.

"Hawa walikuja kujenga reli," mtunza nyaraka akaeleza. "Kila kikosi kiliandikishwa kwa jina la mnyapara wake. Huyu wa juu kabisa ndiye mwenye jina."

Dada mtu alikaa kitako. "Kumbe tumejitapa kwa jina la mnyapara!"

Binti alicheka na kulia kwa pamoja. "Basi, Shangazi?"

"Basi nini? Kashone nguo." Akamgeukia nduguye. "Na ule ubao wa mlangoni?"

Seremala akavaa kofia yake. "Utabaki. Wajukuu zangu watalipata jina hilo kwa baba na kwa mama."