Kikohozi Nilichoambiwa Nitakizoea

Wadogo zangu mnaoanza mwaka wa kwanza, naitwa Sekela. Napumua vizuri, nasoma, na nimenenepa hadi sketi zangu za zamani hazifungi. Namshukuru Mungu kwa hayo kwanza, kabla sijaanza kulalamika, maana nitalalamika.

Nimekulia Mbozi, kwenye kahawa na mahindi. Sikuwa mtu wa kuumwa. Nilibeba ndoo ya kahawa kutoka shambani huku naimba. Rafiki yangu wa tangu kidato cha kwanza ni Tumpe, ambaye mama yake anauza vitenge Tunduma. Kidato cha tano tulipangiwa shule tofauti, lakini tuliahidiana kuomba chuo kimoja, na tukapata. Siku ile nililia kwa furaha.

Chuo kiko mbali na kwetu, mji wa joto na vumbi. Mimi nilipata kitanda hosteli, Tumpe akakosa. Pale kuna desturi ya kubebana: mwenye kitanda anamchukua asiye nacho. Nikambeba Tumpe bila kuombwa mara mbili. Tulilala mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu, madirisha tumefunga kwa sababu ya mbu. Asubuhi alikuwa anakohoa. Nikimuuliza, anasema ni feni.

Mwaka wa kwanza kila kitu unaambiwa utazoea. Ukumbi umejaa, unasikiliza mhadhara umesimama mlangoni: utazoea. Mhadhiri anamwaga Kiingereza kana kwamba anafukuzwa: utazoea. Kwa hiyo kikohozi kiliponianza, na Tumpe akaniambia, "Ni vumbi la huku, mwenzangu, utazoea," nami nikakiweka kwenye fungu hilohilo.

Hakikuzoeleka. Nikilala natoka jasho hadi shuka linakamulika. Chakula kikanishinda. Sketi zikaanza kunizunguka kiunoni, na ngazi za hosteli nilizipanda kwa kukaa katikati nipumzike. Nilipotaka kwenda zahanati, Tumpe alinizuia. "Watakwambia upumzike, utakosa mitihani, utadisko, urudishwe nyumbani. Kunywa tangawizi." Akanichemshia mwenyewe. Na mimi, jamani, nilimshukuru.

Siku ya wasilisho la kundi letu nilisimama mbele ya darasa nikashikwa na kikohozi. Nikaziba mdomo kwa leso, leso ikajaa damu. Waliokaa mbele walisogeza viti nyuma. Kiongozi wa kundi ndiye aliyenishika mkono mpaka hospitali, na Tumpe akatufuata.

Daktari, mama wa makamo, alipima makohozi na kupiga picha ya kifua. Hakuzunguka. "Binti, ni kifua kikuu. Kinapona. Ila dawa ni miezi sita na hakuna kuruka. Umekaa na mtu anayekohoa, au aliyewahi kuugua?"

Tumpe alikuwa pembeni yangu kwenye benchi, amenishikia mkoba. Nikamtazama. Akatikisa kichwa.

"Hakuna, daktari," nikajibu.

Daktari akaagiza wote wa chumbani wapimwe. Wenzetu walienda, wakakutwa salama. Tumpe naye akaniambia amepima, hana kitu.

Nikarudi nyumbani. Pale stendi ya Vwawa baba alinipita, akaenda kumtafuta binti yake nyuma ya basi. Dawa zilinitesa: mkojo mwekundu, kichefuchefu, magoti yanauma. Mama alisimama mbele yangu kila asubuhi mpaka nimeze. Mchana nilikaa juani, nachambua kahawa kwenye vichanja. Polepole njaa ikarudi, na nesi akaniambia sasa siambukizi tena.

Ndipo mama yake Tumpe akaja kunijulia hali. "Mwapoleni, mukwai!" aliita mlangoni, salamu ya Kibemba aliyozoea kuwapa wateja wake wa Nakonde, upande wa Zambia. Alileta samaki wakavu. Akaona vidonge vyangu mezani.

"Ni hivihivi," akasema. "Usije ukaviacha njiani kama mwenzako, mwanangu. Alipoona amenenepa tu, basi."

"Mwenzangu nani, mama?"

"Si Tumpe? Aliugua mlipomaliza kidato cha sita, wewe ulikuwa Msangano kwa shangazi yako mnavuna mpunga. Chuo kilipofungua nikamsihi amalizie dawa huko. Akaniambia niwe na amani, wewe Sekela utamsimamia azinywe."

Mama yangu aliweka sufuria chini. Mimi sikuweza hata kulia. Niliumia, niliumia kuliko siku ya damu. Tangawizi ile, mkoba ule, kile kichwa alichotikisa! Kikohozi changu alikijua kwa jina, akaniambia ni vumbi.

Nikampigia simu.

"Ningekwambia, usingenibeba," akasema.

"Na pale kwa daktari?"

"Niliogopa watu watajua."

"Mimi nilitema damu mbele ya darasa zima, Tumpe. Watu walijua."

Akalia. Sikumbembeleza. Nikamuuliza kama bado anakohoa. Kabla hajajibu, nikamsikia akikohoa.

Leo nimemaliza dawa na nimeanza tena mwaka wa kwanza. Nawashukuru wazazi wangu, daktari yule, na kiongozi wa kundi ambaye hakusogeza kiti. Kwenu nasema: kikohozi cha wiki mbili si cha kuzoea, nenda kapime. Fungueni madirisha, mbu wana chandarua. Ukianza dawa, zimalize hata kama umenenepa. Na anayelala kitandani kwako, mwambie ukweli wa mwili wako.

Mtaniuliza kama nimemsamehe Tumpe. Sijamsamehe. Lakini baada ya simu ile, nilipokwenda chuoni kukamilisha barua ya kuahirisha mwaka, nilimfuata darasani nikamtoa, nikampeleka kwa daktari yuleyule. Tukakaa kwenye benchi lilelile, mkoba wake nimeushika mimi.

"Umewahi kuugua kifua kikuu?" daktari akamuuliza.

Tumpe akanitazama, anangoja nitikise kichwa.

"Mjibu," nikamwambia.