Kitoto cha Paka Chenye Nidhamu

Enzi za Ujamaa pale Cheyo, paka wa Mzee Lukumani, balozi wa nyumba kumi, akazaa. Vitoto vinasukumana kunyonya, kelele tupu, kasoro kimoja kimejilaza pembeni kimya.

"Wale mabepari," balozi akasema. "Huyu ana nidhamu, anawaachia wenzake."

Mkewe, Mwamvita, akakigusa. "Nidhamu gani, baba Tatu? Kina baridi hiki, hakinyonyi, kinakufa. Hao wanaosukumana ndio wazima."

Balozi akakitia kifuani ndani ya kanzu kipate joto, akaenda nacho mkutanoni. Katikati ya hotuba yake ya kugawana sawasawa, kanzu ikaanza kulia nyau. Mbio nyumbani, akakirudisha kwa mama yake. Kikawapiga wenzake kikumbo, kikanyonya.

"Bepari mkubwa wewe," balozi akasema, anacheka mpaka kofia ikadondoka.